Pumzi yako, saa imeijuaje?

Ukimaliza kukimbia, saa janja inakutolea namba: 46, au pengine 51. Inaiita VO2 max, yaani mililita za oksijeni ambazo kila kilo ya mwili wako inaweza kutumia kwa dakika moja ukijituma hadi mwisho wa uwezo. Lakini saa haina bomba wala barakoa, na pumzi yako haijaigusa. Ilichokiona ni kasi yako na mapigo ya moyo wako. Yaliyobaki ni makisio, na makisio hayo yana ukoo wa miaka 100.

Mwanzoni ilikuwa kazi ya jasho hasa. Mapema miaka ya 1920, mjini Manchester, mwanafiziolojia Archibald Vivian Hill, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya 1922, aliamua kujipima mwenyewe. Alizunguka mbio kwenye uwanja mdogo wa majani, pua imebanwa, mdomoni kipande cha mpira chenye bomba, mgongoni mfuko mkubwa wa hewa uliobuniwa na Claude Gordon Douglas wa Oxford. Koki ikifunguliwa, hewa anayoitoa inaingia mfukoni. Ikifungwa, mfuko unapelekwa kupimwa umejaa kiasi gani na oksijeni iliyobaki ni ngapi. Kadiri Hill alivyoongeza kasi ndivyo mwili ulivyodai oksijeni zaidi, hadi ilipofika takriban lita 4 kwa dakika ikagoma. Kasi ilipanda, oksijeni haikupanda tena. Yeye na mwenzake Hartley Lupton walichapisha habari hiyo mwaka 1923, na kikomo hicho ndicho ambacho saa inajaribu kukitaja leo.

Tabu ni kwamba si kila mtu anaweza kukimbizwa na mfuko mgongoni hadi aishiwe nguvu, achilia mbali mzee au mgonjwa. Mwaka 1954, huko Uswidi, Per-Olof Åstrand na Irma Ryhming wakaja na njia ya upole. Mpandishe mtu kwenye baiskeli isiyotembea, mpe kazi ya wastani kwa dakika chache, hesabu mapigo ya moyo. Kwa kuwa mapigo na oksijeni hupanda pamoja, karibu kwa mstari ulionyooka, ukiipata nusu ya mstari unaweza kukisia unaishia wapi. Kwa maoni yangu hapa ndipo saa ya leo ilipozaliwa, ingawa vifaa vyake vilikuwa bado miongo mingi mbele.

Daktari wa Jeshi la Anga la Marekani, Kenneth Cooper, hakutaka hata baiskeli. Mwaka 1968 alieleza kipimo cha kukimbia dakika 12: chukua mita ulizokimbia, toa 504.9, gawanya kwa 44.73. Aliyefika mita 2,400 anapata 42. Waamuzi wa soka wa kizazi kilichopita hawahitaji kuelezwa zaidi. Wengi wao walikosa usingizi kwa sababu ya Cooper.

Vifaa vikafuata. Polar ya Finland ilitoa kipima mapigo kisicho na waya mwaka 1982, mkanda wa kifuani ukizungumza na saa. Mei 2000 Marekani iliacha kuvuruga kwa makusudi mawimbi ya GPS kwa watumiaji wa kiraia, na mkimbiaji akaweza kujua kasi yake bila kuhesabu nguzo za barabarani. Kampuni ya Firstbeat, iliyoanzishwa Jyväskylä, hukohuko Finland, mwaka 2002, iliandika programu ya kuoanisha mambo hayo mawili. Garmin iliweka makadirio ya VO2 max kwenye saa yake ya Forerunner 620 mwaka 2013, na mwaka 2020 ikakinunua kitengo cha Firstbeat kinachoandika programu hizo.

Kanuni za kampuni zina mengi ndani, ikiwemo kutupa vipande visivyofaa, kama pale uliposimama kwenye taa za barabarani. Msingi wake, hata hivyo, unakokotoleka kwa kalamu. Kukimbia kilomita 10 kwa saa kwenye tambarare huhesabiwa kuwa kunagharimu mililita 37 hivi kwa kila kilo kwa dakika. Mtu wa miaka 35, mapigo 60 akipumzika, anakimbia kasi hiyo kwa mapigo 150. Kilele chake kikichukuliwa kuwa 185, yaani 220 kutoa umri, hesabu inampa karibu 50. Kilele chake halisi kikiwa 195, anastahili karibu 54. Kikiwa 175, anashuka hadi 46. Na ile kanuni ya 220, iliyoenea tangu 1971, haikutokana na utafiti mahususi. Ilikuwa mstari uliokadiriwa juu ya takwimu za tafiti nyingine, na watu wa rika moja hupishana kwa mapigo 10 bila shida yoyote.

Shaka kubwa zaidi iko kwenye zile mililita 37, na Kenya ilishatoa ushahidi kabla ya saa hizi kuwepo. Mwaka 1990 Bengt Saltin wa Uswidi alikwenda kuwalinganisha wakimbiaji wa Kenya na wa Skandinavia. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 1995, yaliwashangaza waliotegemea kukuta mapafu ya ajabu: VO2 max za walio bora wa pande zote mbili hazikupishana sana. Wakenya walitumia oksijeni kidogo zaidi kwa kasi ileile.

Mkimbiaji wa aina hiyo, saa inamtoza mililita 37 wakati yeye ametumia pungufu, kisha inamzawadia namba kubwa kuliko ambayo maabara ingempa. Mimi sioni kama ni hasara kubwa. Kwa anayejiandaa kwa mbio, namba inayochanganya pumzi na ubanifu huenda ikamfaa kuliko pumzi peke yake. Kocha Jack Daniels wa Marekani alivichanganya hivyo kwa makusudi katika majedwali yake ya miaka ya 1970, bila saa yoyote.

Mambo huharibika mazingira yakibadilika. Iten, kwenye mita zipatazo 2,400 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na moyo hupiga haraka kwa kasi ambayo Mombasa ingekuwa ya mzaha. Joto la Dar es Salaam la Februari hufanya vivyo hivyo, na mchanga wa Coco Beach hukupunguzia kasi bila kuupunguzia moyo kazi. Baadhi ya saa mpya zinajaribu kurekebisha mwinuko na joto, mchanga haziujui. Anayetaka namba ya kuaminika kidogo avae mkanda wa kifuani, aingize kwenye saa kilele cha mapigo alichokipata kweli akikimbia kupanda mlima, na alinganishe mbio za alfajiri za barabara ileile.