Kiharusi: Saa nne na nusu za kuokoa ubongo, na safari ya kutoka Eastlands

MKAZI wa Umoja au Kayole anayejiandaa kwenda kazini alfajiri, kisha ghafla mkono wa kulia ukamlegea na maneno yakamkwama kinywani, huwa ameanza kuhesabiwa muda, ajue asijue. Hicho ni kiharusi, maradhi ambayo wengi mitaani huyaita ugonjwa wa kupooza ilhali kupooza ni tokeo lake tu.

Kiharusi hutokea sehemu ya ubongo inapokosa damu ghafla. Aghalabu bonge la damu iliyoganda huwa limeziba mshipa. Mara nyingine mshipa hupasuka na damu kuvuja ndani ya fuvu. Tofauti hiyo ndiyo msingi wa matibabu yote, nayo haiwezi kuthibitishwa kwa macho, hata na daktari mzoefu.

Mshipa unapoziba, kitovu cha eneo lililoathirika hufa katika dakika chache. Kandokando yake hubaki ukanda wa seli zilizozimia lakini hazijafa, zikipata damu kidogo kutoka mishipa jirani. Ni ukanda huo unaopiganiwa. Mnamo 2006, Dkt Jeffrey Saver wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alikadiria kuwa mgonjwa ambaye mshipa mkubwa wa ubongo umeziba hupoteza wastani wa seli za neva milioni 1.9 kila dakika.

Dawa ya kuyeyusha bonge hilo, alteplase, ilithibitishwa kufaa katika utafiti wa Marekani uliochapishwa Desemba 1995 na kuhusisha wagonjwa 624, waliotibiwa ndani ya saa tatu. Marekani iliiidhinisha mwaka uliofuata, na mnamo 2008 utafiti wa Ulaya ukasogeza ukomo hadi saa nne na nusu.

Hata hivyo, ukomo si lengo. Uchanganuzi wa takwimu za wagonjwa 6,756, uliochapishwa 2014 katika jarida la Lancet, ulionyesha kuwa kati ya kila wagonjwa 100 waliotibiwa ndani ya saa tatu, takriban 10 zaidi walipona bila ulemavu mkubwa kuliko wenzao ambao hawakupewa dawa. Kwa waliotibiwa kati ya saa tatu na saa nne na nusu, idadi hiyo ilishuka hadi watano.

Dawa hiyo hiyo inaweza kuua. Katika utafiti wa 1995, takriban wagonjwa sita kati ya 100 waliopewa walivuja damu ubongoni na hali zao zikazorota. Kumpa mtu ambaye mshipa wake umepasuka ni kumwongezea msiba, na ndiyo sababu picha ya kichwa kwa mashine ya CT hutangulia. Tahadhari hiyo ina uzito zaidi kwetu: utafiti wa SIREN uliofanywa Ghana na Nigeria na kuchapishwa 2018 ulipata kuwa thuluthi moja hivi ya viharusi vilitokana na kuvuja damu.

Tuchukue mfano. Mama mmoja anaanguka Umoja saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mwisho wa kupewa dawa ni saa tano kamili. Nusu saa inapotea majirani wakishauriana na kumteremsha ngazi kutoka ghorofa ya tano katika jengo lisilo na lifti. Saa nzima inaisha katika zahanati ya mtaa, ambako anapimwa presha na kuwekewa maji mshipani. Kisha ni Jogoo Road asubuhi ya siku ya kazi, City Stadium, Landhies Road karibu na soko la Muthurwa, Haile Selassie Avenue, hadi Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta. Tuseme saa moja na nusu. Amefika saa tatu na nusu.

Miongozo ya kimataifa hutaka dawa itolewe ndani ya dakika 60 tangu mgonjwa aingie mlangoni. Hospitali ikifaulu, mama huyo atadungwa saa nne na nusu, dakika 30 kabla ya lango kufungwa, na kwa hesabu ya 2014 nusu ya faida imekwishapotea. Ile saa ya zahanati haikumsaidia kwa lolote. Hospitali ya Mama Lucy Kibaki iko karibu zaidi na mitaa hiyo, lakini popote anakopelekwa, jamaa mmoja apige simu mapema kuuliza iwapo mashine ya CT inafanya kazi na dawa ipo.

Swali ambalo daktari atauliza kwanza si mgonjwa alikutwa saa ngapi, bali mara ya mwisho kuonekana akiwa mzima ilikuwa lini. Aliyelala saa nne usiku akaamka amepooza huhesabiwa tangu saa nne usiku, ingawa tangu 2018 imethibitishwa kuwa baadhi yao wanaweza kutibiwa iwapo picha za MRI zitaonyesha kuwa kiharusi ni cha karibuni.

Hapa lugha yetu ina mtego. Saa tatu ni wakati wa siku, na pia ni urefu wa muda. Isitoshe, jamaa akisema saa mbili na karani akaandika 2, mgonjwa wa saa mbili asubuhi hugeuka kuwa wa saa nane usiku na kuonekana amechelewa. Sisi wahariri tumezoea kufuta neno ‘masaa’ katika nakala za waandishi. Nakiri kwamba hapa lingefaa. Ni heri jamaa aeleze kwa tukio: alizungumza vizuri tulipokuwa tukinywa chai, watoto hawajaenda shule.

Njia ya pili ni kulivuta bonge kwa mrija unaopitishwa mshipani kutoka kwenye kinena. Tafiti za 2015 ziliithibitisha ndani ya takriban saa sita, na mbili za 2018 zikaonyesha kuwa wagonjwa wachache waliochaguliwa kwa picha maalumu wanaweza kufaidika hadi saa 24. Wapo wanaodhani sasa kuna siku nzima ya kusubiri. Hakuna. Ni hospitali chache mno nchini zinazoweza kufanya kazi hiyo.

Kuhusu malipo, Kifungu cha 43(2) cha Katiba ya 2010 kinakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Shirika la Afya Duniani nalo liliiweka alteplase katika orodha yake ya dawa muhimu mnamo 2019 kwa ajili ya kiharusi, lakini kuwemo orodhani hakujaifanya iwe rahisi.

Dalili ni uso kupinda upande mmoja, mkono au mguu kulegea, usemi kuvurugika, au macho kutoona ghafla. Mgonjwa asipewe chai, maji wala chakula, kwani huenda koo limelegea na akapaliwa. Asipewe aspirini kabla ya picha ya kichwa, wala vidonge vya presha vya jirani. Dawa anazotumia zibebwe, hasa za kuzuia damu kuganda. Dalili zikitoweka baada ya dakika chache bado apelekwe siku hiyo hiyo, kwani kiharusi kamili huweza kufuata katika siku chache. Aliyepitwa na saa nne na nusu pia apelekwe: atahitaji picha ile ile, uangalizi wa kumeza na presha, na mazoezi ya viungo yanayoanza akiwa wodini.