Mutoto ya kampi: watoto wa makabila mengi katika kampi za Union Minière



Wengi wetu tulizaliwa ama tulikomea katika kampi za migodi ya Katanga: Lubumbashi, Kipushi, Likasi, Kolwezi. Zamani ukiuliza mtoto wa huko: « Weye njo mutoto ya wapi? », hakutaja mji wa babu yake. Alijibu tu: « Miye mutoto ya kampi. » Jibu hilo lilitufurahisha, na mpaka leo linatufurahisha. Lakini tunapenda kulitazama vizuri, maana ndani yake kuna mema na kuna hasara.

Kampuni ya Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, na mji wa Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1910. Mwanzoni wafanyakazi wengi walikuja kwa mkataba wa miezi michache, bila bibi wala watoto. Magonjwa yaliua wengi, wengine walitoroka, na kila mara kampuni ilipaswa kutafuta watu wapya. Njo maana kwenye miaka ya 1927 na 1928 ilibadili mpango: mkataba wa miaka mitatu, nyumba, posho ya jamaa nzima, na mwanaume aje pamoja na bibi yake. Mwaka ule wa 1928 reli iliyotoka Port-Francqui, sasa Ilebo, ilimalizika, na safari ya watu wa Kasaï ikawa nyepesi. Wengine walitoka Lomami, Maniema, hata Rwanda na Burundi. Ndivyo Waluba wa Kasaï na wa Katanga, Wasongye, Wahemba, Watetela, Walunda, Wabemba na Wanyarwanda walivyokaa mlango kwa mlango.

Watoto wao walilelewa pamoja. Walizaliwa katika maternité ya kampuni, walipimwa kilo na wauguzi, walikula kwenye kantini ya watoto, kisha walienda ku masomo ya mapadri na masista. Mle ndani Kiswahili njo kilikuwa lugha ya wote. Tukumbuke jambo moja: kwa jamaa nyingi, Kiswahili hakikuwa lugha ya nyumbani. Mtoto wa Mutetela alikuja kukijifunza, na mtoto wa Muluba vilevile. Kwa hiyo katika kiwanja cha michezo hakuna aliyekuwa mgeni ndani ya lugha ya mwenzake. Hilo ni jema kubwa, na sisi tuliolipata hatuwezi kulikana.

Hata hivyo mpango ule haukufanywa kwa upendo peke yake. Kampuni ilitaka wafanyakazi wenye afya, na watoto ambao kesho wataingia kazini mahali pa baba zao. Daktari Léopold Mottoulle, aliyesimamia mambo hayo, aliyaeleza katika kitabu mwaka 1946. Kwake mfanyakazi alikuwa kama mtoto anayepaswa kuongozwa, na kampuni ilikuwa kama mzazi. Basi baba wa kweli alipunguzwa heshima mbele ya watoto wake. Chakula, nguo, dawa, masomo, yote yalitoka kwa « Baba » mwingine. Watu wenyewe walizoea kusema kwamba kampuni ndiyo baba na mama.

Mzazi huyo alipochoka, ikawa nini? Baada ya mwaka 1967 mali ya Union Minière ilikuwa mikononi mwa Serikali, na kampuni ikaja kuitwa Gécamines. Kuanzia mwaka 1990 uzalishaji ulianguka vibaya. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliacha kazi kwa mara moja. Profesa Dibwe dia Mwembu wa Lubumbashi aliandika juu ya « bana Shaba » walioachwa na baba yao. Kitabu chake kilitoka mwaka 2001.

Jeraha kubwa zaidi lilikuwa limekwisha kutokea. Mwaka 1992 na 1993 watu wa Kasaï walifukuzwa Likasi na Kolwezi. Walilala kwenye stesheni wakingoja treni, na watoto walikufa pale kwa njaa na magonjwa. Wengi wao walikuwa wamezaliwa Katanga na hawakuijua Kasaï. Walikuwa ba mutoto ya kampi kama sisi. Waliosoma benchi moja waliulizana sasa: « Kwenu ni wapi? »

Tunajiuliza kosa lilikuwa wapi. Jibu letu ni hili: tulifundishwa kukaa pamoja, lakini hatukufundishwa kujuana. Tuchukue mapacha. Kasaï wanaitwa Mbuyi na Kabanga; kwa Waluba wa Katanga, Kyungu na Kabange; kwa Wabemba jina la pacha ni Mpundu; Rwanda ni Gakuru na Gato. Kila kabila lina furaha yake juu ya watoto hao, na furaha hizo zinafanana kama ndugu. Lakini nani alituambia mambo hayo ku masomo? Mambo ya nyumbani yalibaki nje ya mlango. Siku kampuni ilipoanguka, kila mtu alirudia yale ya kwao peke yake, akiwa hayajui ya jirani.

Leo watoto wa makabila mengi wanaingia tena katika masomo ya watoto wadogo mjini mwetu, wengine wakitoka mbali kwa sababu ya vita ao njaa. Tunawaomba ba mama walezi mambo machache. Mtoto aitwe kwa jina lake zima, na maana yake iulizwe kwa wazazi. Siku za kwanza asikie neno moja la salamu katika lugha ya nyumbani, ndipo Kiswahili kifuate. Kambo wa kila upande waalikwe kuhadithia. Na mzazi asibaki kusimama kwenye lango kama mgeni.

Wazee walisema: mkono mmoja haulei mwana. Kampuni ilitaka kuwa mkono huo mmoja. Sisi tusirudie.