Wapasuaji wa Kivu: safari ndefu kutoka Lemera hadi hospitali za chuo kikuu

Hospitali ya chuo kikuu inapopokea madaktari wapasuaji wapya, habari hiyo hupita haraka: majina, kazi watakayoanza, na picha mbele ya jengo. Lakini kwa mama aliyebebwa kwa kipoyi kutoka milima ya Kalehe, au kijana aliyevunjika mguu akiwa kambini, habari hiyo ina uzito mwingine. Maana yake ni kwamba usiku wa leo huenda kuna mtu wa kumpasua, na hataambiwa asubiri kesho kutwa. Kufika hapa kumechukua zaidi ya miaka 60, na familia nyingi za Kivu zimeilipia safari hiyo.

Siku ya uhuru, bila daktari hata mmoja

Tarehe 30 Juni 1960, Kongo ilipopata uhuru, nchi nzima haikuwa na Mkongomani hata mmoja mwenye diploma ya udaktari. Chuo kikuu cha Lovanium, Kinshasa, kilikuwa kimefunguliwa mwaka 1954, na wanafunzi wake wa kwanza wa udaktari walikuwa bado hawajamaliza. Waliokuwepo ni wauguzi na wale walioitwa kwa Kifaransa «assistants médicaux»: watu waliosoma kazi ya uganga kwa miaka mingi, waliojua kutibu na wakati mwingine kupasua, lakini wakoloni hawakuwapa jina la daktari.

Wabelgiji wengi walipokimbia katika fujo za Julai 1960, hospitali nyingi zilibaki tupu. Shirika la Afya Ulimwenguni lilileta madaktari wa kigeni, na likawapeleka makumi ya wale wasaidizi nchini Ufaransa wakamalize masomo. Waliporudi, ndio walioshika hospitali nyingi za nchi.

Mwaka 1971 serikali ya Mobutu iliunganisha vyuo vikuu vya Kinshasa, Lubumbashi na Kisangani kuwa kimoja, UNAZA. Mwaka 1981 vikatenganishwa tena. Katika miaka yote hiyo, kijana wa Bukavu, Goma au Uvira aliyetaka kuwa daktari alilazimika kuhama kwao. Wengi hawakurudi. Mapato yalikuwa huko mjini mkubwa, na kijijini hakukuwa na vifaa wala mshahara. Kwa hiyo Kivu iliendelea kutegemea hospitali za misheni, kama ile ya Katana kando ya ziwa, na ile ya Lemera, juu milimani katika teritwari ya Uvira.

Lemera

Lemera ilikuwa hospitali ya Wapentekoste, na sifa yake ilifika mbali. Mwaka 1983 alifika hapo daktari kijana kutoka Bukavu, Denis Mukwege, aliyekuwa amemaliza masomo Bujumbura. Alitaka kutibu watoto. Alichokikuta ni wanawake waliofika wakivuja damu baada ya kuzaa, wengine wakiwa wamebebwa siku nzima. Hapo akabadili njia: akaenda Angers, Ufaransa, kusomea magonjwa ya wanawake na uzazi, na mwaka 1989 akarudi Lemera.

Usiku wa tarehe 6 Oktoba 1996, vita vilipoanza, watu wenye silaha waliishambulia hospitali hiyo. Zaidi ya watu 30 waliuawa. Kati yao kulikuwa na wagonjwa waliopigwa risasi wakiwa vitandani, na wafanyakazi walioshindwa kukimbia. Kwa wakaaji wa Moyens Plateaux na bonde la Ruzizi, usiku ule uliwaondolea ndugu zao, na pia uliwaondolea mahali pa kupasuliwa. Mama aliyeshindwa kuzaa sasa alipaswa kushuka hadi Uvira au kupanda hadi Bukavu, katikati ya vita.

Panzi yaanza

Mwaka 1999, katika mtaa wa Panzi, kusini mwa Bukavu, Mukwege na kanisa la CEPAC walifungua hospitali mpya. Nia ilikuwa kuwahudumia wanawake wajawazito, ili wasife wakizaa. Lakini mgonjwa wa kwanza aliyepokewa, kama Mukwege mwenyewe alivyoeleza Oslo alipopewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018, alikuwa mwanamke aliyebakwa kisha akapigwa risasi sehemu zake za siri. Baada yake walikuja wengine, kisha maelfu.

Hapo wapasuaji wa Panzi walilazimika kujifunza kazi ambayo vitabu viliieleza kidogo sana. Fistula kwa kawaida hutokea mama anapokaa na uchungu siku mbili au tatu bila kupasuliwa: kichwa cha mtoto hubana nyama, nyama hufa, tundu hubaki, na mkojo au choo hutoka bila kuzuilika. Vita vilileta fistula za aina nyingine, zilizotokana na ukatili. Kuziba tundu kama hilo ni kazi ya saa nyingi, na mara nyingine mgonjwa hurudi mezani zaidi ya mara moja.

Tarehe 25 Oktoba 2012, watu wenye silaha waliingia nyumbani kwa Mukwege. Yeye aliponea chupuchupu, lakini mlinzi wake aliuawa. Daktari akaondoka nchini na familia yake. Wanawake wa kisiwa cha Idjwi, ambao wengi hawana hata dola moja kwa siku, waliuza mananasi na vitunguu wakachanga pesa za tiketi yake ya kurudi. Januari 2013 alirudi, na watu walijipanga barabarani kumpokea.

Wengi huikumbuka hadithi hiyo kwa sababu ya upendo wa wale akina mama. Kuna somo lingine ndani yake. Wanawake wale walijua hesabu: mpasuaji mmoja akiondoka, kuna wagonjwa watakaobaki bila msaada. Hospitali inayosimama juu ya mtu mmoja inaweza kuanguka kwa risasi moja.

Kwa nini hospitali ya chuo kikuu

Jibu la hesabu hiyo lilikuwa limeanza kujengwa mapema. Mwaka 1989 Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Bukavu kilianzishwa, na baadaye hospitali kuu ya jimbo ikawa mahali pa kuwafundishia madaktari wake. Mwaka 1991 ikafuata UEA, chuo kikuu cha Kiinjili, ambacho leo hospitali yake ya kufundishia ni Panzi. Butembo ilipata Graben, na Goma nayo ikapata chuo kikuu chake. Kwa mara ya kwanza kijana wa Kivu aliweza kusoma udaktari akilala nyumbani kwao.

Kumpata mpasuaji si jambo la siku moja. Baada ya shule ya sekondari kuna miaka sita au saba ya udaktari, kisha miaka mingine minne au mitano ya kujifunza kupasua chini ya mkubwa wake. Mtoto aliyezaliwa usiku wa Lemera anaweza leo kuwa anamaliza mafunzo hayo.

Ndiyo sababu wapasuaji wawili au watatu wapya hubadilisha kazi ya hospitali nzima. Anapokuwepo mmoja tu, yeye ndiye wa zamu kila usiku. Akiugua, chumba cha operesheni hufungwa. Wakiwa wanne au watano, zamu hugawanywa. Mmoja hushughulikia mifupa, mwingine tumbo, mwingine watoto au majeraha ya moto. Wanapata pia muda wa kufundisha, na kila wanayemfundisha anaweza kwenda Shabunda, Fizi au Walikale.

Wataalamu wa dunia waliokutana katika tume ya jarida la Lancet mwaka 2015 walitaja operesheni tatu ambazo kila mtu anapaswa kuzipata bila kusafiri zaidi ya saa mbili: upasuaji wa uzazi, upasuaji wa tumbo la dharura, na matibabu ya mfupa uliovunjika na kutoboa ngozi. Katika vijiji vingi vya Kivu, saa mbili hazitoshi hata kufika barabarani.

Goma na mwaka 2025

Goma nayo ina historia yake. Hospitali ambayo leo inaitwa HEAL Africa, iliyoanzishwa na daktari wa mifupa Jo Lusi na mke wake Lyn, iliharibiwa na moto wa Nyiragongo tarehe 17 Januari 2002, ikajengwa upya. Katika hospitali ya CBCA Ndosho, timu ya upasuaji ya Msalaba Mwekundu imekuwa ikiwapokea majeruhi wa vita tangu 2012.

Mwaka 2025, mapigano yalipofika Goma mwishoni mwa Januari na Bukavu katikati ya Februari, wodi zilijaa na mahema yakafungwa uani. Kiwanja cha ndege cha Goma kilifungwa. Njia ya haraka ya kuleta wataalamu na dawa kutoka mbali ilikatika, na uzito mkubwa ukawaangukia wapasuaji na wauguzi wanaoishi hapa, ambao wengi wao nao walikuwa na familia zilizohama.

Hata hivyo, mpasuaji peke yake hafanyi operesheni. Anahitaji mtu wa dawa ya usingizi, damu iliyopimwa, oksijeni, vifaa vilivyochemshwa, mafuta ya jenereta, na mshahara unaofika. Lemera ilikuwa na wapasuaji. Ilichokosa usiku ule ni usalama. Sheria ya vita inasema hospitali haishambuliwi, na mgonjwa haulizwi ametoka upande gani. Familia zilizo kambini zina haki ya kuuliza, kila wapasuaji wapya wanapotambulishwa, kama chumba watakachofanyia kazi kina taa, kina damu, na kinalindwa.