HAIHATI ZA BEI NAFUU: HISTORIA YA MATOAZI MAWILI

Vijana mlioko shuleni hivi sasa huenda mkaona ajabu kuambiwa kwamba haihati, yaani yale matoazi mawili yanayofumbana kwa kukanyaga pedali, ni chombo kichanga. Matoazi yenyewe ni ya kale sana. Zaburi ya 150 inayataja, na huko Constantinople ukoo wa Zildjian ulianza kuyafua katika karne ya 17. Lakini kuyapanga mawili kwenye fimbo moja na kuyafumba kwa mguu ni jambo la miaka ya 1920, nalo lilizaliwa Marekani.

Hapo mwanzo stendi yake ilikuwa fupi, matoazi yakikaa karibu na kifundo cha mguu, na kazi yake ilikuwa kufumba na kufumbua basi. Katika nusu ya pili ya miaka hiyo kampuni ya Walberg and Auge ya mjini Worcester, Massachusetts, ilitengeneza stendi yenye bomba refu, mpigaji aliyeketi akaweza kuyagonga kwa fimbo za mkono. Ni bomba tu, lakini liligeuza muziki. Katika miaka ya 1930 Jo Jones, mpiga dramu wa bendi ya Count Basie, aliutoa mwendo wa wimbo kwenye dramu kubwa ya mguu akauhamishia kwenye haihati, na muziki ukawa mwepesi kama mtu aliyetua mzigo kichwani.

Sasa tuje kwenye madini, maana hapo ndipo bei inapoanzia. Matoazi yaliyoipa Zildjian sifa ni ya bronzi yenye sehemu 80 za shaba nyekundu na 20 za bati. (Bati hapa ni madini, si mabati ya kuezekea.) Bronzi ya namna hiyo ikipoa huvunjika upesi, kwa hiyo haiwezekani kununua bamba lake na kulikata kama mtu anayekata sufuria. Lazima imiminwe, ipashwe moto na kupitishwa kwenye roli tena na tena, kisha ifuliwe kwa nyundo na kuchongwa. Kazi hiyo ndiyo mnunuzi anayoilipia. Sauti yake ni pana, na mguu ukifumba husikia "chik" nene iliyoshiba.

Ukipunguza bati hadi sehemu 8, madini yanalainika, unapata mabamba ambayo mashine hukata visahani kwa wingi. Sauti yake ni angavu, kali kidogo, haina mambo mengi ndani yake. Matoazi mengi ya wanafunzi yametengenezwa hivyo. Kampuni ya Sabian, iliyoanzishwa Kanada mwaka 1981 na Robert Zildjian baada ya kutengana na ndugu yake, iliita matoazi yake ya bei nafuu B8 kwa sababu hiyo hiyo. Chini zaidi kuna brasi, yaani shaba iliyochanganywa na zinki. Hiyo ndiyo rahisi kuliko zote. Sauti yake ni fupi, butu, na hufa upesi.

Wajuzi wengi huishia hapo na kusema: 20 ni nzuri, 8 ni ya watoto, brasi itupwe. Mimi sikubaliani nao, na historia iko upande wangu. Mwaka 1971 Paiste ya Uswisi ilitoa matoazi ya 2002, na madini yake ni ile ile bronzi ya bati 8. John Bonham wa Led Zeppelin aliyapiga mbele ya umati mkubwa, na bei yake haikuwa ya wanafunzi hata kidogo. Kinachotofautisha ni ufuaji, unene, na uangalifu wa kuchagua juu na chini vinavyopatana.

Nasema haya nikiwa mpiga dramu wa bendi ya shule yetu kuanzia 1973 hadi 1976. Haihati yetu ilikuwa ya brasi, inchi 14, nyembamba hata ukiiegemea inapinda. Nyota wetu walikuwa wale wa bendi za Dar es Salaam tuliowasikia redioni, kama NUTA Jazz iliyoanzishwa 1964, ambayo leo ni Msondo Ngoma. Hata wao vyombo havikuwa vyao. Vilikuwa mali ya chama au shirika, na mwanamuziki akihama aliondoka mikono mitupu. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 fedha za kigeni ziliadimika, na chombo kilichokuwapo ndicho kilichotunzwa.

Muziki wenyewe ulitusaidia. Katika miaka hiyo ya 1970 mdundo wa kavacha, uliopata umaarufu kwa Zaiko Langa Langa ya Kinshasa na mpiga dramu wao Meridjo Belobi, ulivuka mipaka hadi kwetu. Haihati ikifumbwa na kugongwa mfululizo kwa mwendo huo, ule ufupi wa sauti ya brasi unakuwa faida: kila pigo linasikika peke yake, wala halimfuniki mpiga gitaa la solo. Haihati pana ya bronzi ingetaka mkono mzuri zaidi kuliko tuliokuwa nao.

Tatizo letu kubwa halikuwa madini bali hewa. Matoazi mawili yaliyonyooka sawasawa yakifumbana hunasa hewa katikati, na badala ya "chik" unasikia "pfu". Paiste waliitatua kwa kutia mawimbi kwenye ukingo wa toazi la chini, na Zildjian kwa kulitoboa matundu. Sisi tulikunja karatasi ngumu ya jalada la daftari tukaiweka chini ya toazi la chini upande mmoja, likainama kidogo, hewa ikapata njia. Stendi nyingi zina skrubu ya kazi hiyo hiyo. Yetu ilikwisha potea. Vifuta vya sufi vilipochakaa tulikata kandambili.

Katika mkutano wa mwaka jana ndugu mmoja alishauri haihati hiyo iliyoko stoo iuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na mwingine akataka tusinunue chochote mpaka tupate fedha za matoazi ya gharama kubwa. Napinga hoja zote mbili. Mwanafunzi wa kidato cha pili hawezi kusubiri michango yetu miaka minne. Atakuwa amekwisha maliza shule. Zinunuliwe sasa haihati za bati 8 na stendi imara, kwa kuwa stendi dhaifu huharibu hata toazi zuri.

Watakaotumwa dukani wampeleke kijana anayepiga. Akae, afumbe kwa mguu polepole kisha upesi, agonge zikiwa zimefumbwa, nusu wazi na wazi kabisa. Toazi zito likae chini, jepesi juu. Na ile ya brasi ibaki chumba cha mazoezi. Ukingoni ina ufa wa inchi moja, na mwisho wa ufa kuna kitundu alichotoboa mwalimu wetu wa ufundi mwaka 1975 ili usiendelee. Niliupima mwaka jana kwa rula. Ungali inchi moja.