Mishipa ya Silikoni Katika Vipimo vya Ubongo

Juni 1927, jijini Lisbon, daktari Egas Moniz alipata kwa mara ya kwanza picha ya eksirei iliyoonyesha mishipa ya damu katika ubongo wa mtu aliye hai. Alikuwa ameanza kwa kufanya majaribio kwenye maiti na mbwa. Dawa yake ya kwanza, yenye strontiamu, ilifuatiwa na kifo cha mgonjwa mmoja. Akaigeukia sodiamu iodaidi, chumvi inayozuia miale ya eksirei, na vivuli vya mishipa vikajitokeza kwenye filamu.

Kuiona mishipa kuliwezekana. Kuipima kukachukua miongo mingi zaidi.

Mwaka 1991 kipimo hicho kiligeuka suala la uhai. Utafiti mkubwa wa Amerika Kaskazini uitwao NASCET uliwafuatilia watu ambao ateri yao ya karotidi, ile inayopita shingoni kupeleka damu kwenye ubongo, ilikuwa imebana kwa asilimia 70 hadi 99. Kati ya kila 100 waliotibiwa kwa dawa tu, 26 walipata kiharusi upande wa ateri hiyo ndani ya miaka 2. Kwa waliopasuliwa, walikuwa 9 tu. Tangu hapo asilimia ya kubana ndiyo ikawa inaamua nani apelekwe kwa mpasuaji.

Tatizo ni kwamba watafiti wa Ulaya, waliotoa matokeo yao mwaka huohuo, walikuwa na hesabu yao. Chukua mshipa uliokuwa na upana wa milimita 8, sasa umebaki na njia ya milimita 2.5, na sehemu yake nzima iliyo juu zaidi ina milimita 5. NASCET walilinganisha na ile 5, wakapata asilimia 50. Watafiti wa Ulaya walikadiria upana wa awali, ile 8, wakapata karibu 70. Mgonjwa ni yuleyule, picha ni ileile.

Mashine nazo zilitofautiana. Damu inapopenya penye kubana huvurugika, na MRI hupoteza mawimbi mahali hapo, hivyo mshipa huonekana umeziba kuliko ulivyo. Nani angejua ukweli? Mtu hapasuliwi shingo ili kusahihisha picha.

Kilichohitajika ni mshipa ambao upana wake unajulikana kabla haujaingia kwenye mashine. Katika miaka ya 1990, wataalamu wa Taasisi ya Robarts mjini London, Ontario, nchini Kanada, mji uleule ulioratibu NASCET, walishughulikia hilo. Brian Rutt, David Holdsworth, Aaron Fenster na wenzao walipima picha za karotidi za wagonjwa, wakapata umbo la wastani, kisha wakalitengeneza katika viwango mbalimbali vya kubana.

Mishipa ya namna hii huanza na kiini cha nta, au cha metali inayoyeyuka kwa joto dogo, chenye umbo la njia ya damu. Silikoni humiminwa kukizunguka hadi igande, kisha kiini huyeyushwa na kutolewa, njia ikabaki wazi. Badala ya damu hupitishwa maji yaliyochanganywa na glisarini, mnato wake ukikaribia ule wa damu, na pampu huyasukuma kwa mapigo ya moyo. Kwa ajili ya ultrasaundi huongezwa chembe ndogo za nailoni ili mawimbi yapate pa kugonga. Maabara zinazofuatilia mkondo kwa leza huongeza sodiamu iodaidi, chumvi ileile ya Moniz, ili mwanga usipinde kwenye ukuta wa silikoni.

Thamani ya kazi hii ni kwamba mshipa mmoja unaweza kupita kwenye MRI, CT na ultrasaundi, hata katika hospitali tofauti, na kila kosa likaonekana kwa milimita. Mwaka 2007 chama cha wataalamu wa radiolojia cha Amerika Kaskazini, RSNA, kilianzisha mpango wa kuhakikisha vipimo vya picha vinaaminika kutoka mashine moja hadi nyingine, na vifaa bandia vya aina hii vikawa sehemu ya kazi hiyo.

Siku hizi uchapishaji wa pande tatu hutoa mshipa wa mgonjwa fulani moja kwa moja kutoka kwenye picha zake. Kilicho kigumu ni kuiga chokaa inayojikusanya kwenye kuta za mishipa iliyougua: katika CT hung'aa, ikavimba machoni mwa msomaji wa picha na kufunika njia ya damu iliyo kando yake. Kwa hiyo baadhi ya mishipa bandia hupachikwa vipande vya kalsiamu vyenye ukubwa unaojulikana, ili ijulikane mashine imeongeza kiasi gani.