Wimbo wa Mbube: Habari za Asili Yake na Haki ya Mtungaji

Wengi wausikiao wimbo wa simba alalaye katika sinema ya The Lion King, iliyotoka mwaka wa 1994, hudhani ya kuwa ni kazi ya Wamarekani. Sivyo. Asili yake ni ya Kizulu, na aliyeutunga alilelewa katika shule ya misheni.

Solomon Linda alizaliwa mwaka wa 1909 karibu na Pomeroy, katika nchi ya Msinga, Natal, akasoma shule ya Gordon Memorial. Huko alijifunza tenzi na mashindano ya kwaya, na nje ya shule akaimba na rafiki zake katika arusi na karamu. Hata alipokwenda Johannesburg kutafuta kazi akawa kiongozi wa waimbaji walioitwa Evening Birds. Desturi yake ilikuwa kuwaweka watu kadhaa katika besi, naye mwenyewe kupaa juu yao kwa sauti nyembamba. Kila mwalimu wa kwaya ajua jinsi besi ya mtu mmoja inavyomezwa na wengine. Basi ataona ubora wa mpango huo.

Mwaka wa 1939 waliimba "Mbube" katika nyumba ya santuri ya Gallo. Waliporudia mara ya tatu, Linda akazusha papo hapo, karibu na mwisho, sauti ambayo hakuitengeneza kabla. Alilipwa shilingi 10. Kufika mwaka wa 1948 santuri zipatazo 100,000 zilikuwa zimeuzwa, na namna nzima ya uimbaji ikaitwa mbube.

Neno hilo kwa Kizulu ni simba. Sisi twaweza kumwambia mtu "u simba" kwa maneno mawili. Mzulu huyaunga yote kuwa neno moja. Pete Seeger wa Marekani, alipoletewa santuri ile na Alan Lomax, aliyaandika maneno kwa sikio tu, akapata "Wimoweh", neno lisilo na maana kwa Kizulu. Tuliosahihisha imla za watoto hatustaajabu: sikio lisiloijua lugha hukata neno popote. Kwa jina hilo Weavers wakaurekodi mwaka wa 1951, na mtungaji akaandikwa kuwa Paul Campbell. Mtu huyo hakuwako duniani. Lilikuwa jina la kubuni la Weavers wenyewe. Seeger aliagiza Linda apelekewe dola 1,000, jambo la heshima, walakini haki ya wimbo haikumrudia.

Mwaka wa 1961 George Weiss aliutilia maneno ya Kiingereza ya usingizi, ambayo si tafsiri ya yale ya Linda, na vijana walioitwa Tokens wakaufikisha daraja la kwanza Marekani. Sauti waliyoifuata ni ile ile iliyozuka mwaka wa 1939. Linda alikufa mwaka uliofuata kwa maradhi ya figo, naye maskini. Miaka 18 kaburi lake halikuwa na jiwe.

Msaada ulitoka mahali pasipotazamiwa, yaani katika sheria ya Kiingereza ya mwaka wa 1911, iliyotumika katika nchi nyingi za dola ile. Kwa sheria hiyo, haki iliyouzwa na mtungaji huwarudia warithi wake baada ya miaka 25 tangu kufa kwake, hata kama alitia sahihi kuiuza kabisa. Kwa Linda hesabu hiyo yaangukia mwaka wa 1987, yaani kabla ya sinema. Mwandishi Rian Malan alieneza habari hizi mwaka wa 2000, na mwaka wa 2004 wakili Owen Dean akawashitaki Disney huko Pretoria. Walipatana mwezi wa Februari 2006: warithi walipwe kwa miaka iliyopita na ijayo, na jina la Solomon Linda liandikwe kuwa mtungaji pamoja na wengine.