Kocha Mpya, Wachezaji Wale Wale

Wiki iliyopita nilikuwa safarini kuelekea Morogoro. Tulipofika Visiga, Kibaha, basi letu likapata pancha. Wakati dereva na utingo wake wakihangaika na jeki, abiria tulisogea kwenye kivuli kilichokuwa karibu, ambacho ni kijiwe cha vijana wa bodaboda. Hapo nilikuta mjadala umepamba moto. Mada ilikuwa makocha. Mmoja alisema klabu yake ikimpata kocha wa pasi fupi itatisha Afrika nzima. Mwingine akadai dawa ni kocha wa mbio na nguvu.

Pembeni alikuwapo mzee mmoja, fundi cherehani, aliyewasikiliza muda wote bila kuinua macho kutoka kwenye kitambaa. Mwishowe aliuliza swali moja tu: "Wanangu, huyo kocha mnayemtaka, wachezaji wa kuucheza huo mpira wake mnao?"

Vijana waliangua kicheko. Mimi sikucheka, kwa sababu swali hilo hilo nilipaswa kujiuliza mwaka 2014 na sikujiuliza.

Katikati ya mwaka huo Yanga ilimleta Mbrazil Marcio Maximo. Jina lake halikuhitaji kutambulishwa kwa Mtanzania yeyote mpenda soka. Alikuwa ameinoa Taifa Stars tangu 2006 hadi 2010, na katika kipindi chake watu waliokuwa wameisusa timu ya taifa walirudi uwanjani wakiwa wamevaa jezi na kupeperusha bendera. Mwaka 2009 aliipeleka Stars kwenye fainali za kwanza za CHAN kule Ivory Coast. Hatukuwa tumekanyaga fainali za bara zima tangu zile za Mataifa ya Afrika zilizochezwa Nigeria mwaka 1980. Kwa hiyo alipotua Jangwani, nilikaa mbele ya kipaza sauti nikawaambia wasikilizaji kwamba Yanga sasa itacheza kandanda la Kibrazili na wapinzani watafute pa kujificha.

Nilikosea, na kosa langu halikuwa kumsifu Maximo. Kosa langu lilikuwa kusahau tofauti kati ya kocha wa taifa na kocha wa klabu. Kocha wa taifa huenda sokoni na kapu tupu, akachagua anachokitaka kutoka nchi nzima. Asipompenda huyu, humwita yule. Kocha wa klabu hukuta kapu limekwisha kujazwa na watu wengine, na mara nyingi anayelijaza ni kiongozi au mfadhili. Tena timu ya taifa hucheza mechi chache kwa mwaka, lakini klabu hudaiwa ushindi kila wiki.

Maximo alikuja na Wabrazili wenzake wawili, Andrey Coutinho na mshambuliaji aliyejulikana kwa jina la Jaja. Jaja aliondoka hata mwaka haujaisha. Desemba 13, 2014, Yanga ilifungwa na Simba mabao 2-0 katika mechi ya Nani Mtani Jembe, na haukupita muda Maximo naye akafungasha virago.

Nafasi yake ilichukuliwa na Mholanzi Hans van der Pluijm, ambaye alikuwa amewahi kuifundisha Yanga hiyo hiyo miezi michache kabla. Pluijm hakuleta mpira mpya kutoka Ulaya. Alitazama alichonacho. Alikuwa na Mrisho Ngassa na Simon Msuva, vijana wenye kasi ya kutisha pembeni. Katikati alimpata Amissi Tambwe, Mrundi aliyekuwa ametemwa na Simba, mtu ambaye mpira ukikatiza mbele ya lango hauulizi mara mbili. Basi mipira ikapelekwa pembeni, ikapigwa krosi, mabao yakafungwa. Yanga ikatwaa ubingwa wa msimu wa 2014/15, na Msuva akawa mfungaji bora kwa mabao 17. Karibu wachezaji wote walikuwa ni wale wale. Kilichobadilika ni kwamba sasa waliambiwa wafanye wanachokiweza.

Msimbazi nako kuna somo la aina hiyo. Mwaka 2003 Simba ilipangiwa Zamalek ya Misri, iliyokuwa bingwa mtetezi wa Afrika. Kocha wa Simba alikuwa Mkenya, marehemu James Siang'a, aliyewahi kuwa kipa wa Gor Mahia na wa timu ya taifa ya Kenya. Siang'a alizungumza na wachezaji wake kwa Kiswahili, bila mkalimani. Simba ilishinda 1-0 Dar es Salaam. Kule Cairo ilifungwa 1-0, ikavumilia hadi mikwaju ya penalti, ikashinda 3-2 na kuingia hatua ya makundi. Langoni alikuwapo Juma Kaseja. Ukiwa na kipa wa namna ile, na kocha naye ni kipa wa zamani, si ajabu kwamba silaha yenu kubwa ugenini inakuwa ni kulilinda lango. Kandanda la siku ile pengine halikuwa la kupendeza macho, lakini liliwaenea waliolicheza.

Na wale wanaosema hayo ni ya kale, tuje karibu. Mwaka 2023 Yanga chini ya Mtunisia Nasreddine Nabi ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Mabao yake mengi yalipitia kwa mtu mmoja, Fiston Mayele, aliyemaliza mashindano yale akiwa kinara wa ufungaji kwa mabao 7. Baada ya msimu, Nabi akaondoka na Mayele akaondoka. Akaja Muargentina Miguel Gamondi.

Gamondi angeweza kumtafuta Mayele wa pili, na wengi wetu tulimshauri hivyo. Badala yake aliigeuza timu kuwa na wafungaji wengi. Aliwaweka Aziz Ki, Maxi Nzengeli na Pacome Zouzoua nyuma ya mshambuliaji, akawataka wamkabe mpinzani huko huko langoni kwake. Novemba 5, 2023, Simba ilipigwa 5-1, na watu wanne tofauti wa Yanga waliandika majina yao. Msimu ulipokwisha, mfungaji bora wa ligi alikuwa Aziz Ki, ambaye ni kiungo, kwa mabao 21. Mtindo ulikuwa mpya, lakini ulishonwa kwa kitambaa kilichokuwapo mezani.

Hata hivyo Gamondi mwenyewe alifukuzwa Novemba 2024, baada ya kufungwa na Azam na kisha Tabora United. Akaja Sead Ramovic, akaondoka Februari 2025. Akaja Miloud Hamdi. Makocha watatu katika msimu mmoja, na ubingwa bado ukaenda Jangwani! Hapo ndipo ninapomkumbuka yule fundi wa Visiga. Wachezaji walipokuwa wazuri, hata kubadilisha makocha ovyo hakukuwadhuru sana. Lakini ni klabu ngapi nchini zina wachezaji wa namna hiyo?

Tusiende mbali na pale tulipopatia pancha. Mbele kidogo ya Visiga ni Mlandizi, kwenye uwanja wa Mabatini, nyumbani kwa Ruvu Shooting. Timu ile ilikuwa mikononi mwa Charles Boniface Mkwasa, mmoja wa makocha wazalendo tunaowaheshimu, kabla Yanga haijamchukua kuwa msaidizi wa Pluijm mwanzoni mwa 2014. Februari ya mwaka huo huo Yanga ikaipiga Ruvu Shooting 7-0. Maarifa ya Mkwasa yalikuwa yale yale, ila sasa yalikuwa na miguu mingine ya kuyatekeleza. Baadaye Mkwasa alirudi Ruvu, na msemaji wa timu, Masau Bwire, akatuchekesha nchi nzima kwa neno lake la "kupapasa". Neno lilikuwa tamu. Lakini msimu wa 2022/23 ulipomalizika, Ruvu Shooting iliteremka daraja.

Hasara ya jambo hilo haionekani kwenye msimamo wa ligi peke yake. Kijana wa Visiga aliyekuwa akiwaona wachezaji wa ligi kuu kwa safari fupi ya kwenda Mlandizi, sasa anatakiwa kutafuta nauli ya kwenda na kurudi Dar es Salaam. Mama aliyekuwa akiuza chakula karibu na uwanja siku ya mechi amepoteza wateja. Na mtoto mwenye kipaji hana tena timu kubwa ya kuitazama mazoezini.

Ndiyo maana nasema mjadala wa mtindo wa kocha si porojo za kijiweni. Klabu kubwa ikikosea kuchagua hulipa fidia, ikaleta mwingine, maisha yakaendelea. Klabu ndogo ikikosea inaweza kushuka na isirudi. Wanachama, mkutano mkuu ukifika, msitosheke kuambiwa kocha anatoka nchi gani na amechukua makombe mangapi. Ulizeni anao wachezaji gani, watacheza kwenye uwanja wa namna gani, na amepewa muda gani. Kiongozi asiyeweza kujibu hayo hajaajiri kocha. Amenunua jina.

Tairi lilipokuwa tayari, nilimuaga yule mzee. Alikuwa ameivua futi ya shingoni na anampima mteja mabega. Mkasi ulikuwa bado uko mezani.